Daladala haliondoki, konda anasema "tunatoka sasa hivi"

Hivi mnajua hii ya mchana, umekaa siti ya dirishani Mbagala pale Dar, jua linakupiga shavu moja, gari linanguruma linasogea hatua mbili linarudi nyuma ili tuone kama linaondoka kumbe wapi, konda anagonga bodi "twende twende" na siti sita ziko tupu. Inaudhi kinoma.

Ila ukimuuliza dereva atakwambia hesabu. Gari sio lake, jioni tajiri mwenye gari anataka hela yake iliyokamilika, mafuta juu yao, mpiga debe naye anasubiri chake, kinachobaki ndo dereva na konda wanagawana, wengi hawana mshahara wala mkataba wa maana. Sasa akiondoka na siti tupu hasara ni ya nani? Sio ya tajiri. Ndo maana asubuhi gari hilohilo linakushindilia mpaka mlangoni, "sogea nyuma mama, katikati kweupe", na usiku wanakatisha ruti bila aibu, hapo kwenye kukatisha ruti mimi siwatetei kabisa, nauli nimelipa ya mpaka mwisho jamani.