Siku Tulipochagua Maskati

Binti wa dada yangu kanipigia juzi usiku. Yeye na mwenzake wameshadunduliza, wanataka kwenda ng'ambo mwisho wa mwaka, na wameanza kununiana kabla hata ya kukata tiketi. "Mama mdogo, nyinyi mliwezaje kukubaliana mwende Omani?" Nikamwambia nitamwandikia, maana jibu lake haliishi kwenye simu.

Tulikuwa na majina matatu mezani. Shoga yangu alitaka Istanbul. Mimi nilitaka Maskati, mji mkuu wa Omani. Kuala Lumpur ya Malaysia ililetwa na mtu kazini kwake, aliyesifu kwamba kule ukishatua, maisha ni rahisi. Tungeweza kubishania picha za majengo mpaka asubuhi. Yeye ni nesi, alikuwa katoka zamu, hana muda huo. Akachana karatasi mbili kwenye daftari, moja akanisukumia. Akasema kila mtu aandike kiasi anachoweza kutumia bila kukopa, bila kugusa kodi ya nyumba wala ada ya mtoto, na asichungulie ya mwenzake.

Aliandika upesi, kama mtu aliyeijua namba yake muda mrefu. Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe cha chai. Mimi nilichelewa. Nilipomaliza tukafungua pamoja. Yangu ilisema milioni tano. Yake ilisema milioni tatu na nusu, na chini yake alikuwa kapiga mistari miwili, kama wanavyofunga hesabu kwenye vitabu vya duka.

Nikasema, "Nitakujazia, wala usiwaze."

Hakukasirika. Aliinyoosha ile karatasi kwa kiganja, polepole, mpaka mikunjo ikalala. "Shoga, ukinijazia nakuwa mgeni wako. Mgeni hasemi chakula hiki ghali, wala haulizi kwa nini tumepanda teksi na basi lipo. Mimi nataka twende. Sitaki kupelekwa."

Sikuwa na la kujibu. Nikachukua kalamu nikakata milioni yangu moja na nusu, nikaandika milioni tatu na nusu juu yake. Tangu hapo kila swali la wapi twende lilipimwa kwa namba ile, na ubishi ukapungua sana.

Hesabu yenyewe ilikwenda hivi, na ndiyo ninayotaka binti aielewe. Bei ya tiketi hulipwa mara moja. Gharama ya siku hujirudia kila kunapokucha. Kuala Lumpur chakula na malazi ni nafuu, lakini tiketi kutoka Dar es Salaam ni ya safari ndefu, ya kuunganisha ndege. Unafuu ule unaanza kuonekana ukikaa wiki kadhaa, ukikaa siku chache tiketi inaumeza wote. Maskati ni kinyume chake: ndege ya moja kwa moja ni kama saa tano na kitu, tofauti ya saa na kwetu ni moja tu, ila riali ni nzito. Riali 1 ni kama dola 2.6, imefungwa kwenye dola kwa miaka mingi, kwa hiyo walau haikushtui katikati ya safari. Inagawanywa baisa 1,000, si senti 100, na mgeni anayesahau hilo hupotea kwenye chenji. Mwenye likizo fupi na aangalie safari fupi. Mwenye mwezi mzima anaweza kwenda mbali penye maisha nafuu.

Likafuata suala la mwezi. Likizo ya shoga yangu ilikuwa imepangwa Julai. Julai Maskati joto hupita nyuzi 40, unashinda ndani ya kiyoyozi ulichokilipia. Omani ya Julai ni Salala, kusini, ambako kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba kuna msimu wa kharifu: manyunyu, ukungu, milima inakuwa kijani. Wenyeji wa Ghuba wote hukimbilia huko, hoteli hupanda bei, na bahari huchafuka hata kuogelea ni hatari. Shoga yangu alipoona picha zake, minazi na migomba kando ya barabara, akasema hayo si atayaona Tanga kwa nauli ya basi? Akaenda kuomba wabadilishane likizo na mwenzake wa wodini. Akapata Novemba. Novemba Maskati imeshapoa. Istanbul ndiyo kwanza inaingia mvua na baridi, na mtu wa Dar atahitaji koti na viatu ambavyo navyo vinatoka kwenye zile milioni tatu na nusu.

Kwa hiyo mwezi na pesa vilishachagua kabla yetu. Bado tulifanya jambo moja ambalo naliamini mpaka leo: kila mmoja alitaja kitu kimoja asichokubali kurudi bila kukiona, na kimoja asichokitaka kabisa. Yeye alitaka maji ya kuogea yasiyo bahari, na hakutaka kulala uwanja wa ndege. Mimi nilitaka Nizwa, mji wa kale wenye ngome, na sikutaka safari ya kundi lenye bendera mbele. Ukipata mahali panapotimiza mambo hayo manne, usitafute zaidi.

Nizwa nilikuwa na sababu nayo. Mnara mkubwa wa mviringo wa ngome yake ulijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, na ni Waomani wa ukoo huohuo walioitoa Ngome ya Yesu ya Mombasa mikononi mwa Wareno mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Nilitaka kuuona upande wa pili wa historia ile, kule walikotokea.

Mengine yalikuwa karatasi, na karatasi ndizo huvunja safari za watu. Pasipoti iwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya kuingia, na kurasa tupu. Jina kwenye tiketi liwe lile la pasipoti herufi kwa herufi. Waliobadili jina baada ya ndoa hukwama hapa. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usikimbilie kuchanja wiki ya safari. Tangu 2016 kinadumu maisha yote. Chumba tulichukua cha vitanda viwili, kwenye mtaa wa Ruwi wenye hoteli na migahawa ya bei ya kawaida, na kwa masharti ya kufuta bila kulipa. Tiketi tulikata baada ya viza zote mbili kutoka. Hili binti na alishike kwa mikono miwili, maana wao wanazungumzia Ulaya: viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, kila mtu huamuliwa peke yake hata mkiomba pamoja, ada hairudi ukikataliwa (euro 90 tangu Juni 2024), na bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Mmoja anaweza kupata na mwingine akanyimwa. Wakubaliane mapema itakuwaje hapo.

Safari yenyewe ilipita upesi. Nizwa ni kama kilomita 160 kutoka Maskati, kuna basi. Sur, mji wa majahazi, ni kama 200 kwa barabara ya pwani. Gari la kukodi tuliliacha: kule wanaendesha kulia, na wenye magari wengi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili wazuie dhamana. Kwenye Wadi Shab, bonde la maji kati ya majabali, unavushwa na boti ndogo, kisha unatembea mawe kwa mawe mpaka kwenye vidimbwi vya maji ya kijani. Uwe na viatu vya kulowa, na mawingu yakijikusanya mlimani usiingie, mafuriko hushuka ghafla. Shoga yangu alikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Ijumaa asubuhi Nizwa tulisimama kwenye mnada wa mbuzi: wanunuzi wamekaa duara, wenye mbuzi wanazunguka nao katikati, mtu akinyoosha mkono wanasimama, anampapasa mnyama mgongo na kumwangalia meno, bei inatajwa kwa sauti.

Kila jioni tuligawana bili sawasawa, na siku moja nilipotaka samaki wa bei alisema tu, "Hapana, leo hatuwezi," nikaagiza wali na kuku kama yeye. Ilikuwa nyepesi kwa sababu namba ile tuliiweka pamoja, kabla hatujaondoka.

Istanbul bado anaitaka. Sasa ameongezwa mshahara, mimi nina mtoto chuo kikuu, na tumeshaanza kuzungumza. Safari hii karatasi yenye namba ndogo huenda ikawa yangu. Sina hakika kama nitaiandika upesi vile, wala kama akisema "nitakujazia" nitaweza kumjibu alivyonijibu.