Siku Moja Maishani Mwangu: Daftari la Waokoaji, Lamu

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeswali, nashuka vichochoro vya Mkomani kuelekea gatini. Kazi yangu ni kuwaangalia wale wanaookoa wengine: wahudumu wa boti ya wagonjwa na vijana wa kujitolea wanaozima moto. Nakagua jaketi za kujiokolea moja moja, nikivuta kila mkanda. Nahodha wetu anaijua bahari kuliko ninavyoijua nyumba yangu, na hata yeye halivui la kwake.

Saa moja. Zamu inaingia. Naandika daftarini jina, saa, nani hakulala, nani ana homa, nani hajamaliza chanjo ya homa ya ini aina ya B. Dozi ni tatu, na wengi huishia ya pili kwa kuwa hawajihisi wagonjwa. Leo wawili nimewapeleka mwenyewe.

Saa tatu na nusu. Simu kutoka kijiji cha Matondoni: mama mjamzito anatokwa na damu. Maji yamekupwa, boti haifiki ufukweni, basi vijana wanambeba kwa machela wakizama topeni hadi magotini. Mama amefika hospitali akiwa hai, alhamdulillahi. Lakini kijana mmoja amechomwa na sindano iliyoachwa kwenye shuka, na alikuwa anaficha.

"Ami, ni tone tu la damu."

Nimemshika mkono hadi kwa daktari. Dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Sikumgombeza. Nikimgombeza huyu, wa kesho atanyamaza.

Saa saba. Jua kali. Maji ya kunywa na kivuli, basi.

Saa kumi na nusu. Moto mtaa wa Langoni! Paa la makuti, na kaskazi inavuma. Kwenye kichochoro ambacho punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma, gari la zimamoto haliingii. Ni ndoo, mipira ya maji na watu. Nasimama kwenye daka la jirani na daftari langu: nani amepanda, saa ngapi, nani ameshuka. Barakoa ya kawaida huchuja vumbi, haizuii gesi ya kaboni monoksidi, na mitungi ya hewa hatuna. Kwa hiyo tunamwaga maji kutoka madari ya majirani, ndani haingii mtu. Mzee mwenye nyumba ananililia kuhusu sanduku lake la hati. Watu wake wote wako nje, nimewahesabu. Nimemwambia hapana, na sauti yangu imetetemeka.

Moto umezimika kabla ya Magharibi. Nawaita wote, wanawe uso na mikono, wabadili nguo, nawauliza mmoja mmoja kuhusu kifua na macho. Kule New York, waliofanya kazi kwenye vumbi la majengo yaliyoanguka Septemba 2001 waliendelea kuugua miaka mingi baadaye, na sheria ya kuwatibu ilipitishwa na bunge lao mwishoni mwa 2010. Wengi ilibidi watafute ushahidi kwamba walikuwepo pale. Vijana wangu watakuwa na ukurasa wao.

Saa nne usiku. Simu inalia. "Ami, hizi dawa zinanitia kichefuchefu. Niache?"

"Usiache, mwanangu. Kesho asubuhi nakupitia, twende kwa daktari pamoja."

Nawasha taa tena, nafungua daftari, naandika.