Wapita njia wa Birere

Mwaka 1968, wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané wa Marekani walionyesha kwamba, miongoni mwa wanafunzi walioamini kuwa wao peke yao wanamsikia mwenzao akishikwa na kifafa (ambacho kilikuwa cha kuigiza), asilimia 85 waliita msaada kabla hakijaisha, lakini kati ya waliodhani kuna wasikilizaji wengine wanne, ni asilimia 31 tu waliofanya hivyo.

Sisi wakaaji wa Goma tuna sababu ya kutilia shaka kwamba umati humaliza huruma. Pale Birere, chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) iliyojaa magunia ya makala ikipinduka, mmoja hushika usukani, mwingine huburuta gunia kando ya njia, na mama muuza ndizi husimamisha pikipiki kwa mkono, ingawa, tusifichane, wapo wanaocheka tu.

Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliochunguza picha za kamera za ugomvi 219 barabarani huko Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ulikuta kwamba katika matukio tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia kati, na watu walipokuwa wengi uwezekano huo uliongezeka. Nadhani tofauti iko machoni: wanafunzi wale walikaa kila mmoja chumbani mwake, hivyo hakuna aliyeweza kuona kama mwenzake ameshainuka.