Kipimajoto cha chupa: jaza mpaka juu

Maelekezo mengi ya kipimajoto cha chupa na mrija husema: tia maji robo chupa, chomeka mrija, ziba mdomo. Kifaa hicho huchangamka kweli. Mtoto akikumbatia chupa kwa viganja tu, maji yanapanda. Ila kadiri ninavyokitafakari, ndivyo ninavyoona hakifai kupimia. Kinachosukuma maji ni hewa iliyobaki ndani, ambayo hutanuka zaidi ya mara kumi kuliko maji kwa joto lilelile. Tena mrija uko wazi juu, kwa hiyo kanieneo ya hewa ya nje, yaani msukumo wake, nayo inausogeza mstari wa maji mrijani. Alama ya Jumatatu inaweza kudanganya Alhamisi. Chombo cha hewa cha kuonyeshea joto cha enzi za Galileo, mwanasayansi wa Italia, kilikuwa na kasoro hiyohiyo.

Kwa watoto wa chekechea, acha hewa. Wanataka kuona kitu kinasogea. Kwa wakubwa, jaza pomoni.

Chupa ya kioo ya dawa ya kikohozi, ya mililita 100, inatosha. Changanya nusu kwa nusu maji yaliyochemshwa yakapoa na spiriti ya hospitali ya asilimia 70, pamoja na matone ya rangi ya chakula. Mchanganyiko hutoa joto kidogo na vipovu, basi uache utulie saa nzima, kisha ujaze chupa pomoni. Kipovu kimoja kikibaki ndani, hewa imerudi mlango wa nyuma.

Mrija uwe angavu, sentimita 20, upana wa ndani milimita 5. Wa karatasi hulowa. Uzamishe sentimita 2, ziba kwa plastisini, ukikausha kwanza shingo ya chupa kwa sababu plastisini haishiki penye maji. Ongeza kimiminika kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka kifike sentimita 10 hivi juu ya kizibo. Kikishuka polepole wakati joto la chumba halijabadilika, kizibo kinavuja. Tone la mafuta ya kupikia juu ya kimiminika mrijani huzuia spiriti isiruke.

Kwa alama ya 0, weka chupa kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, dakika 15. Kwa 40, tumia maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kipimajoto cha homa. Kati ya alama hizo mbili utapata kama sentimita 12. Ukizigawa sawasawa utakosea kidogo, maana mchanganyiko huu hutanuka zaidi kadiri unavyopata joto. Maji yanayochemka yaache kabisa: alkoholi ya spiriti huchemka karibu na nyuzi 78, na mvuke wake hushika moto. Na hata bila hatari hiyo, hayafai kwa alama ya 100 kila mahali: Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100.

Kabla ya kutumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, waulize watoto mstari utaelekea wapi. Wote watasema juu. Utashuka kwanza, kidogo tu, kwa sababu kioo hupata joto kabla ya kilichomo na chupa inapanuka. Ndipo uanze kupanda.