Sili tatu kwa mwaka mmoja

Nianzie Soni, huku kwetu milima ya Usambara, maana pale ndipo nilipoogopa kweli.

Ilikuwa masika. Tunateremka kutoka Lukozi na kabichi, mzigo umepita juu ya vyuma vya bodi, mvua imekatika dakika chache tu. Nikasimama kununua maji. Stata ilikuwa inasumbua siku hizo, kwa hiyo injini sikuizima; nikaweka gia huru, nikavuta handibreki mpaka mwisho, nikashuka. Sijafika hata dukani nikasikia utingo anapiga kelele: "Dada, gari! Gari linaondoka!" Lilikuwa linaondoka kweli, polepole, kama ng'ombe anayetoka zizini. Mbele yake, mteremkoni, vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wanasubiri abiria. Yule utingo alichomoa jiwe tunalotembea nalo nyuma ya kiti akalitupa mbele ya tairi. Gari likapanda nusu ya jiwe, likatulia.

Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule sikulala.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110, pikapu ya mwaka 1992, injini ya 200 Tdi. Lilikuwa la marehemu baba. Ninalitumia kushusha mboga Mombo, na kwa njia zetu za vijijini wakati wa mvua bado sijaona la kulibadilisha nalo.

Kilichoniponza siyo breki. Ni oili ya transfa. Transfa ni lile boksi lililoshikana na giaboksi kwa nyuma, linalogawa nguvu kwenda difu ya mbele na difu ya nyuma. Kwenye Defender kazi hiyo haina mapumziko: magurudumu yote manne yanavuta muda wote, uwe kwenye lami ya Mombo au kwenye matope ya Mtae. Boksi linachukua oili ya gia namba 90, lita 2.3 hivi. Humo ndani hakuna pampu. Gia zinajichotea oili zenyewe zikizunguka, na ikipungua sana hazina cha kuchota.

Sasa, magari mengi handibreki hukamata magurudumu ya nyuma. Defender siyo hivyo. Dramu yake ya handibreki imefungwa mgongoni mwa transfa, pale inapoanzia propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Ukivuta mkono, unaikamata propela. Na ndani ya dramu hiyo ndiko iliko sili ya nyuma ya transfa, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Sili ikichoka, oili haidondoki chini mara moja ukaiona asubuhi gari likiondoka. Inaanza kuingia kwenye dramu, inalowesha breki shuu, zile zinazoibana dramu, inatulia humo. Unavuta handibreki, mkono unakaza vizuri kabisa, kumbe shuu zinateleza.

Fundi wangu wa kwanza alibadilisha sili. Zile shuu akazimwagia petroli akaziwasha moto zikauke, akazirudisha. Nilidumu nazo miezi mitatu. Nikarudi, akaweka sili nyingine. Ya tatu aliiweka kabla mwaka haujaisha, na siku hiyo akaniambia maneno ambayo kila mwenye Land Rover ameshaambiwa: "Dada, hizi gari ndivyo zilivyo. Ukiona haivuji ujue oili imeisha." Watu wote pale gereji wakacheka. Mimi maneno hayo siyapendi. Yanamfanya mtu aache kutafuta.

Siku hiyohiyo tulipoimwaga oili ya transfa, haikufika lita moja. Ilikuwa nyeusi. Nilijipaka kidogo kiganjani nikakigeuza juani, nikaona inametameta: vumbi la chuma, laini kama rangi ya kucha. Hizo zilikuwa gia za baba zinaondoka kidogo kidogo.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Korogwe. Nilifika mchana, boksi bado lina moto. Nikamwamkia, akaitikia, hakuchukua hata spana. Alilala chini ya gari, akaweka mkono kwenye transfa, akautoa haraka.

"Mwanangu, hiki kipumulio chako ulishakiangalia?"

Nikamwambia sikujua kama lina kipumulio.

Akapeleka mkono juu ya boksi, akachomoa mrija mwembamba, na hewa ikatoka fyuuu, kama unalegeza vali ya tairi. Nilikuwa nimechuchumaa hapo pembeni, nikaisikia usoni, ina harufu ile kali ya oili ya gia iliyoungua. Kisha akafungua boneti, akaufuata mrija mpaka mwisho wake. Tundu lilikuwa limezibwa na udongo mkavu, mgumu, umesiribwa vizuri kabisa. Nyigu walikuwa wamejenga humo. Akauchokonoa kwa waya wa baiskeli, akaupuliza kwa mdomo, udongo ukaruka.

"Boksi lako halipumui," akasema. "Likipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Itokee wapi? Inaisukuma oili kwenye sili. Wangekufungia hata sili ya dhahabu, ingevuja."

Sili tatu, nauli, siku nilizokaa bila kazi, na kabichi zilizonyaukia Lukozi. Wale nyigu hakuna fundi aliyewahi kuwatafuta.

Aliponifungulia dramu alinionyesha na mengine. Ile flanji, chuma kinachounganisha transfa na propela na kuzunguka ndani ya sili, ilikuwa na mtaro. Ukipitisha kucha unakwama. Ni mdomo wa sili uliokuwa ukisugua hapohapo miaka yote. Ukifunga sili mpya ikakaa kwenye mtaro uleule, haishiki sawasawa. Sili mpya akaigonga taratibu akaiacha mbele kidogo ya pale ya zamani, mdomo ukaangukia chuma kizima. Halafu kuna washa ya kitambaa kizito nyuma ya nati ya flanji. Yangu ilikuwa imekauka na kukatika. Oili ilikuwa inapita pia kwenye meno ya shafti na kutokea kwenye nati, na ukiangalia juujuu utasema ni sili. Akaweka washa mpya na silikoni kidogo kwenye meno. Shuu alikataa katakata kuzichoma. Ikishanyonya oili, alisema, tupa. Nikanunua mpya.

Kuna jambo la mito nalo alinieleza, na sisi wa milimani tunalihitaji sana. Boksi la moto likiingia kwenye maji ya baridi linapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na boksi linavuta. Kipumulio kikiwa kizima linavuta hewa kutoka juu, kwenye injini. Kikiwa kimeziba linavuta maji kupitia palepale kwenye sili. Ukimwaga oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue yameingia, na usiendelee nayo hata safari moja.

Sasa hivi kila Jumapili ya pili naegesha kwenye uwanja wa kanisa kwa kuwa ni tambarare, nasubiri gari lipoe, natandika gunia naingia chini. Kabla ya kufungua nati ya kujazia nafuta vumbi kuizunguka, mchanga usije ukadondokea ndani. Nafungua, naingiza kidole. Oili inatakiwa iwe usawa wa mdomo wa tundu, hapohapo. Kidole kikitoka kikavu, najaza mpaka ianze kumwagika, naiacha ichuruzike ikome yenyewe, nafunga. Halafu narudi juu napuliza mrija.

Jumapili iliyopita nilifungua nati, oili ikamwagika mkononi kabla sijaingiza kidole. Nikafurahi kwanza. Kisha nikaona ni nyepesi mno, na ina wekundu kwa mbali. Giaboksi ya gari hili haitumii namba 90, inatumia oili ya hadroliki, ile nyekundu. Nikaenda kufungua nati ya giaboksi: kidole chote ndani, kikavu. Hadroliki inavuka kutoka kwenye giaboksi kuingia kwenye transfa, maana yake sili zilizo kati ya maboksi mawili zimekwisha.

Nilimpigia mzee wa Korogwe. Amesema transfa lazima ishuke yote, niache gari siku mbili, na nisibebe mzigo kabla ya hapo. Niliimwaga ile mchanganyiko, nikajaza maboksi yote mawili upya, na gari limeegeshwa nyumbani, mawe mawili mbele ya tairi. Karoti za wiki hii nimezipakia kwenye Canter ya jirani. Alhamisi nateremka Korogwe, mtupu.