Mama kauliza swali!

Jioni hii mwaloni Kibirizi nimemwonyesha mama ukurasa wa kaka kwenye Google Scholar, tovuti ya kutafuta makala za kitafiti. Kaka anachunguza DNA ya vimelea vya malaria.

Mama, magamba ya migebuka yangali mikononi: "Hii 9 ndiyo nini?"

Ni h-indeksi, kipimo alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Maana yake kaka ana makala 9, kila moja imenukuliwa kwenye makala nyingine za kitafiti angalau mara 9.

Moja ikinukuliwa hata mara elfu, peke yake haiipandishi. (Mimi naona inawapunja watu.)

Mama kafuta kidole kwenye kanga, kagusa jina la ukoo wetu kwenye kioo cha simu, taratibu.

"Sasa hao wanaomnukuu, wanamlipa?"

Jamani! Watafiti mliomo humu, nimjibuje?