Nilifuata PRP ya vidonda vya tumbo, nikaanzia kwingine

Kwa miezi saba nilikuwa naamka saa nane za usiku, kiganja kimebana chini kidogo ya chembe cha moyo. Palikuwa panachoma. Nikinywa maji panatulia kidogo, nikijilaza tu panaanza upya. Nilikuwa namung'unya vidonge vya kutuliza asidi, nasubiri kuche.

Mwanangu ndiye aliyeniletea habari za PRP. "Mama, wanachukua damu yako mwenyewe, wanaizungusha kwenye mashine, wanatoa ile sehemu inayoponya, wanairudisha mwilini. Vidonda vinafunga." Nilishika neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba majini. Damu yangu mwenyewe, tena si kemikali! Nikapanga siku ya kwenda kwa daktari bingwa wa tumbo.

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya PRP, aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, hicho kidonda umeshawahi kuonyeshwa?" Sikuwahi. Miezi saba nilikuwa natibu kitu ambacho hakuna jicho lililokiona.

Akanieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonibadilisha. PRP ni plazma yenye wingi wa chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia panapokatika ili kuziba. Ndani yake zimebeba viamsha ukuaji, vinavyoita seli mpya na kuotesha mishipa midogo ya damu. Kwa hiyo wazo la kuzitumia tumboni si la kipuuzi, na watafiti wamelijaribu, zaidi kwa wanyama wa maabara. Kwa binadamu bado ni majaribio machache, haijawa tiba ya kawaida ya vidonda vya tumbo. "Halafu fikiria pale kidonda kilipo, mama. Kuna asidi. Kwenye asidi kali chembe sahani hazishikani vizuri, na pepsini, kile kimeng'enya cha tumboni, inameng'enya hata damu iliyokwisha kuganda. Utamwaga dawa juu ya kitu kinachoendelea kuliwa."

Akauliza natumia dawa gani nyingine. Hapo nikataja goti.

Goti langu la kulia gegedu limesagika, na kazi yangu ni ya kusimama mchana kutwa. Karibu mwaka mzima nilikuwa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi na jioni, wakati mwingine kabla sijatia chochote tumboni. Daktari alinyamaza, akaandika. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi yake. Goti lilikuwa linapata nafuu kwa gharama ya tumbo, na mimi sikuwahi kuviunganisha viwili hivyo.

Kipimo cha kamera nilikiogopa sana. Walinipulizia dawa ya ganzi kooni, nikalazwa ubavu wa kushoto, ikaisha katika dakika chache. Baadaye nikaonyeshwa picha: shimo dogo lenye utando mweupe katikati, kingo nyekundu zilizovimba. Nilibaki nimeitazama. Yale maumivu yote ya usiku yalikuwa na sura. Walichukua vipande vidogo vya nyama, kwanza kuhakikisha si saratani, na pili kutafuta bakteria wa H. pylori. Saratani haikuwepo. Bakteria alikuwepo.

Mimi nimekua nikiambiwa vidonda vya tumbo ni mawazo. Hata madaktari waliwahi kuamini hivyo, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipoonyesha kwamba bakteria huyu anahusika. Marshall alifikia hatua ya kunywa bakteria hao yeye mwenyewe mwaka 1984, akaugua tumbo kweli. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobeli. Nasema haya kwa sababu wapo watu wengi wanaoambiwa wapunguze mawazo, na wanachohitaji ni antibiotiki.

Diklofenaki ikasimama siku ileile, goti likabaki na parasetamoli. Nikapewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, ya wiki nane, na kwa siku 14 za mwanzo ikaongezwa bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli. Ni vidonge zaidi ya kumi kwa siku. Nilichora jedwali nikalibandika mlangoni, kila kidonge nikimeza nakata mstari. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma tangu asubuhi. Siku ya nne choo kikatoka cheusi, nami nilishaonywa kwamba choo cheusi kama lami kinaweza kuwa kidonda kinavuja damu. Nilimpigia daktari mikono inatetemeka. Akaniuliza kama kinanata na kunuka vibaya, kama nasikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Hapana. Ilikuwa bismathi, hufanya choo kiwe cheusi, na hata ulimi. Lakini alisema nilifanya vyema kupiga simu, na ningeona dalili hizo nyingine nisingepaswa kusubiri hata saa moja.

Wiki ya tatu nililala usiku mzima. Wiki ya nane kamera ikarudi: mahali pa lile shimo palikuwa na kovu jekundu hafifu. Nikaacha omeprazole wiki mbili ili isifiche majibu, nikapima choo, na bakteria hakuonekana tena.

Goti lilikuwa bado linauma, na diklofenaki nimekatazwa. Hapo ndipo PRP ikarudi, kwa mlango mwingine. Daktari wa mifupa aliniambia wazi kwamba hata kwa goti matokeo ya tafiti yanapingana, wengine wanasaidika, wengine hawaoni tofauti. Nilikubali. Walinitoa damu mkononi, nikaiona ilipotoka kwenye mashine: chini nyekundu nzito, katikati utando mwembamba wa weupe, juu maji ya manjano. Mililita chache za manjano hayo zikaingia gotini. Siku tatu za kwanza lilivimba na kuuma kuliko mwanzo, na dawa za kupunguza uvimbe hairuhusiwi kutumia maana huzuia kazi ya chembe sahani. Baada ya wiki sita hivi nilianza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Sijui ni PRP peke yake, maana na mazoezi ya kukaza paja nilikuwa nafanya kila siku.

Kwenye pochi nimeweka karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: "Nimewahi kuwa na kidonda cha tumbo. Nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni." Kila dirisha la dawa naitoa kabla sijasema ninaumwa nini.